Nani Atamwoza Pendeza?

"Kikombe, Siwema! Mimi Sikitu binti Makame, mtu mzima na meno yangu yote kasoro mawili, nabandika kikombe ukutani kusikiliza ya watu?"

"Bi Sikitu, nani kakwambia yule ni wewe? Yule ni Bi Masikio wa kwenye hadithi yangu. Mtu wa kutunga."

"Wa kutunga! Anakaa chumba cha pili kutoka chooni, kama mimi. Anafuga kuku chongo, kama mimi."

"Kuku wako ana macho mawili."

"Moja halioni!"

Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Nyumba ile ya vyumba sita ilikuwa na televisheni mbili mbovu, na hakuna aliyewahi kuzipeleka kwa fundi, kwa sababu ugomvi wa uani ulikuwa hauna matangazo ya biashara. Siwema akaacha kukanyaga cherehani. Alishikilia gauni la mteja mkononi kama ngao.

"Haya, shangazi yangu. Hebu niambie kosa langu hasa ni nini, nikuombe radhi."

Bi Sikitu akavuta pumzi, akajifunga kanga upya.

"Kosa? Sehemu ya kumi na tatu umenipa mistari minne. Minne! Sehemu ya kumi na nne simo kabisa. Nimekwenda wapi? Nimekufa? Tangu asubuhi watu wananipigia simu kunipa pole!"

*

Mambo haya yalitokea katika Jamhuri ya Heko, nchi ambayo msomaji hajawahi kufika, na akisema amefika atuonyeshe tiketi.

Heko ni nchi njema. Kila kitu huko huzinduliwa. Barabara huzinduliwa, na mashimo ya barabara nayo huzinduliwa yakifikia kina kinachostahili. Bomba la maji la Mtaa wa Shangilia, anakokaa Siwema, lilikwisha kuzinduliwa mara tano, kwa ngoma na keki. Maji peke yake ndiyo hayakuhudhuria.

Kusimamia shangwe zote hizo kuna Wizara ya Furaha Rasmi, chini ya Mheshimiwa Daktari Injinia Shomvi Kiguzo, mtu aliyezaliwa, kwa mujibu wa kitabu cha wasifu wake kilichogawiwa bure mashuleni, "katika familia ya kawaida mahali fulani." Penye kabila pameandikwa: Maendeleo.

Siwema yeye hakuwa na wasifu. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa mapazia na sare za shule. Mchana alishona, na katikati ya mteja na mteja alitoa simu yenye kioo kilichopasuka akaandika kwa kidole gumba kimoja hadithi za mapenzi za kuchekesha, kisha akazirusha mtandaoni bure. Hakuna aliyemtuma. Wengine hufuga njiwa, wengine hucheza bao. Yeye alipenda kuwagonganisha vichwa watu wawili wanaopendana na hawajijui, kisha akae pembeni acheke.

Hadithi iliyokuwa ikiitikisa Heko siku hizo iliitwa "Mkasi wa Mapenzi". Ilimhusu Bwana Sururu, mkurugenzi mwenye kitambi na mkasi wa dhahabu mfukoni, aliyempenda Pendeza, muuza vitumbua. Shida ya Sururu ni kwamba hakujua kupenda bila itifaki. Alimwandikia Pendeza barua ya mahaba yenye utangulizi, malengo na hitimisho. Alimpa waridi, akalikatia utepe kwanza. Kila Ijumaa saa kumi alasiri Siwema aliporusha sehemu mpya, foleni za ofisi zote za serikali zilisimama. Tuseme kweli: zilikuwa zimesimama tangu Jumatatu, lakini Ijumaa zilikuwa na sababu.

Sehemu ya kumi na nne ndiyo iliyovunja mtandao. Sururu kaenda kuposa. Kaenda na hema, viti vya wageni rasmi na tarumbeta. Kabla mshenga hajafungua kinywa, yeye kakata utepe mlangoni kwa bibi yake Pendeza. Bibi kamwambia, "Baba, mlango huu ulikuwa wazi tangu alfajiri." Kisha bibi kamgeukia mjukuu: "Haya mama, unamtaka au humtaki?" Na hapo hapo Siwema akakata, akaandika tutaonana Ijumaa.

Komenti elfu tisa. "Mwandishi una roho mbaya." "Dada, nina presha, nionee huruma." "Akimkubali nahama nchi." "Akimkataa nahama na mimi."

*

Ugomvi ulikuwa bado haujapoa pale uani, mtu alipobisha hodi kwa sauti ya kiserikali. Akaingia mwanamume mwembamba mwenye faili nene kuliko yeye. Alikuwa Fanueli, karani wa Wizara ya Furaha Rasmi.

"Nani ndiye Siwema Kibindo, anayejishughulisha na utungaji?"

Majirani wote, kwa umoja na upendo, wakamwonyesha kwa kidole.

Karani akafungua barua, akasoma amesimama wima.

"Wizara imebaini kwamba mhusika aitwaye Sururu anafanana na Mheshimiwa Waziri katika maeneo matatu. Moja, kitambi. Mbili, mkasi. Tatu, kukohoa kabla ya kutaja takwimu. Kwa kuwa Sheria ya Kicheko inakataza raia kumcheka kiongozi, Wizara inakusudia kuichukua hadithi hiyo, kuimalizia yenyewe kwa niaba yako, na kuirusha kwa jina lako siku ya Ijumaa. Hutatunga tena. Kama una utetezi, kikao kitafanyika Alhamisi, saa nne asubuhi, hapa hapa uani, katika kusogeza huduma karibu na wananchi."

"Lakini mimi sikumfikiria Waziri," Siwema akasema kwa sauti ndogo.

Ilikuwa kweli. Hakumfikiria. Labda kidogo. Labda kuanzia mkanda wa suruali kwenda juu.

"Na huo mwisho," Bi Sikitu akadakia, "umeshaandikwa? Tusomee basi, mwanangu."

Karani alitazama kushoto, akatazama kulia, akatoa karatasi ya pili.

"'Ndipo Pendeza, akitambua juhudi kubwa zinazofanywa na Bwana Sururu katika sekta mbalimbali, aliridhia kwa kauli moja kuolewa naye, huku akiishukuru Wizara kwa kumwezesha kuwa na hisia. Wananchi walipiga makofi kwa muda wa dakika kumi na moja. Mwisho.'"

Majirani wakatazamana. Hata kuku chongo aliacha kuparura.

"Astaghafiru," akasema mtu. "Hata busu?"

"Busu liko kwenye kiambatisho," karani akajibu, akafunga faili. Akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja, akanong'ona: "Dada, mimi hadithi hizi nazisoma kwa kazi tu. Nimezisoma kwa kazi mara tatu. Hivi... anamkubali?"

"Sijui," Siwema akasema.

Karani akaondoka ameinama kama aliyefiwa.

*

Watu walidhani Siwema analia kwa kuzuiwa kuandika kwenye simu. Wakamfariji: simu zipo, mtandao upo, atafungua jina jingine. Hawakujua.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mshenga alikuja kwao. Yeye alikuwa jikoni anachekecha unga. Akasikia sauti ya mjomba wake kutoka sebuleni: "Amekubali." Hakuna aliyekuja jikoni kumuuliza amekubali nini. Ndoa ile ilidumu misimu miwili ya mvua na hatuna haja ya kuitia chumvi. Mume mwenyewe hakuwa mbaya, alikuwa tu mtu aliyeletewa jibu la mtu mwingine. Tangu alipoanza kutunga, Siwema hajawahi kumwoza msichana yeyote kabla hajamuuliza mwenyewe. Wakati mwingine alikaa wiki nzima akikanyaga cherehani, akimsubiri Pendeza aseme. Na sasa wizara nzima, yenye magari na mihuri, ilikuwa inapiga kelele kutoka sebuleni: amekubali.

"Nilie nini, nisilie nini, Bi Sikitu," alisema, "mimi sina mdomo. Kwenye simu mimi simba. Mbele ya wakubwa ulimi unajikunja kama mkeka."

Bi Sikitu alikuwa kamletea chai na kiporo cha mihogo, na kitu kingine kwapani.

"Yule karani kasahau kitabu chake cha sheria kwenye benchi," alisema. "Kasahau kwa bahati mbaya. Ukurasa umekunjwa kwa bahati mbaya, na mstari umepigwa wino mwekundu kwa bahati mbaya. Soma, mimi miwani yangu imekaliwa."

Siwema akasoma: "'Raia hatamcheka kiongozi hadharani wala faraghani, isipokuwa awe mtani wake wa jadi, kwa kuwa mtani hakasirikiwi.'"

Kifungu hicho kiliingiaje? Wabunge wa Heko walipokuwa wakiipitisha sheria ile, mmoja alikumbuka kwamba wiki ijayo ana msiba, na watani zake watakuja kulala kaburini na kudai kitoweo kabla marehemu hajazikwa. Akauliza, je, wote wale tuwafunge? Nani atachimba kaburi? Basi kifungu kikaongezwa, wakaenda kula.

"Mimi Mmele," Siwema akasema polepole. "Watani zetu ni Wasindo."

Kisa cha utani huo kila mtoto wa Heko anakijua. Boga lilipandwa shambani kwa Wamele, likatambaa, likazaa upande wa Wasindo. Wakapigana miaka saba. Walipochoka, boga lilikuwa limeoza, na hakuna aliyekumbuka lilikuwa na ladha gani. Wakaapa kuanzia siku ile kupigana kwa mdomo tu.

"Sasa sikiliza," Bi Sikitu akasogeza kigoda, macho yakimng'aa kwa raha ya mwenye habari. "Shomvi Kiguzo ni Msindo. Msindo wa damu! Shangazi yake nilikuwa napanga naye foleni mashine ya unga. Jina lake la utoto ni Mabogabogo. Alipopata gari lenye bendera ndipo akaanza kuwa kabila la Maendeleo."

"Nitathibitisha vipi? Wasifu wake wote unakataa."

"Mwanangu, kabila halikai kwenye faili. Linakaa mdomoni. Wewe mchokoze."

"Mimi?"

"Sasa nani? Mimi si Mmele, nikimchokoza mimi ni matusi. Wewe ukimchokoza ni mila."

*

Alhamisi Wizara ilifika saa nne kamili, yaani saa saba. Yakashushwa mahema, meza yenye kitambaa, chupa za maji kwa wageni rasmi na spika mbili. Akashushwa pia Mpima Kicheko, mtu mrefu mwenye filimbi, ambaye kazi yake ilikuwa kupuliza pale meno ya mwananchi yanapoonekana zaidi ya manne.

Kisha Mheshimiwa akashuka mwenyewe, kitambi kikitangulia kukagua njia.

Mlangoni pa uani palikuwa pamefungwa utepe mwekundu. Waziri akatoa mkasi mfukoni. Ulikuwa wa dhahabu. Watu wakauma midomo. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso kwa kanga, kisha akajifunika na yeye. Waziri akakata utepe.

"Kikao hiki," alisema, "kimezinduliwa rasmi."

Filimbi ikalia mara sita.

Waziri akafunua hotuba yake, karatasi ishirini na moja.

"Ndugu wananchi. Nachukua fursa hii adhimu, nikizingatia muktadha, kusema kwamba mapenzi ni sekta mtambuka. Serikali haipingi mapenzi. Tunachopinga ni mapenzi holela, mapenzi yasiyo na mwelekeo, mapenzi yanayomfanya kiongozi aonekane kama binadamu. Katika kipindi cha mwaka uliopita," hapo akakohoa, "asilimia themanini na tatu ya wananchi walicheka bila kibali..."

Filimbi ikalia mpaka ikakauka. Aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni dereva wa Waziri.

"Mtuhumiwa asimame!" karani Fanueli akaita.

Siwema akasimama. Aliona vichwa vya majirani, aliona wengine wamepanda juu ya ukuta, na simu zaidi ya mia zimeinuliwa juu, zote zina alama nyekundu, zinarusha moja kwa moja. Alitafuta ulimi wake, hakuupata. Pembeni Bi Sikitu alikuwa anamkonyeza kwa jicho hili na lile, kama mtu aliyeingiwa na mdudu.

"Una la kusema kabla Wizara haijatangaza kwamba msichana amekubali?" Waziri akauliza bila kuinua uso kwenye karatasi.

Amekubali. Neno lile lile, kutoka kwenye sebule ile ile.

"Ninalo," Siwema akasema. Akashika kiuno. Sauti iliyotoka hakuijua. Ilikuwa ya bibi yake mzaa mama, Mmele wa Wamele, aliyewahi kumfukuza mtoza ushuru kwa methali. "Wewe Msindo! Lini Wasindo mmejua kuposa? Babu zako si walipeleka mbuzi kuposa, mbuzi akakubaliwa, bwana harusi akarudishwa?"

Mpima Kicheko aliweka filimbi mdomoni, akasahau kupuliza.

Na Waziri akainua uso. Hakukohoa. Hakutazama karatasi. Kitu fulani kilimpanda kutoka huko chini, nyuma ya Daktari, nyuma ya Injinia, kikapita kwenye tai kwa nguvu, na mdomo ukafunguka wenyewe:

"Bora mbuzi wetu alikubaliwa, alikuwa na adabu! Nyie Wamele je? Bibi harusi wenu si alipelekwa amelala, akaja kuamka ana watoto watatu, anauliza, 'Samahani, ninyi ni kina nani?'"

"Aliwauliza kwa sababu mlikuwa mnafanana na maboga!"

"Maboga mliyotuibia!"

"Mliyoyalinda miaka saba mpaka yakaoza! Mabogabogo we!"

"Nani kakwambia hilo jina?" Waziri akapiga meza, anacheka, kitambi kinacheka, chupa za maji zinacheka. "Nani? Mwongo mkubwa! Mzika babu wewe! Mlimzika babu yenu kalala mchana, akafukuka kudai chai!"

Uani palilipuka. Watu walilia. Dereva alikaa chini. Mpima Kicheko alijaribu kuhesabu meno yake mwenyewe, akajipulizia filimbi.

Kisha, polepole, Mheshimiwa Daktari Injinia akasikia alichokisema. Kicheko kikamshuka usoni kama bendera jioni. Akatazama simu zile mia. Akatazama karani.

"Mheshimiwa," Fanueli akasema kwa heshima kubwa, kalamu juu ya karatasi, "kwa ajili ya kumbukumbu za kikao. Yale maneno niyaandike kwamba ni ya kabila la Maendeleo?"

Kote Heko, huko kwenye simu, Wasindo laki sita na nusu, wote wapiga kura, walikuwa wanangoja kusikia kama mtoto wao atawakana.

Waziri alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya tai, muda mrefu kuliko kioo kinavyohitaji.

"Andika," alisema hatimaye, "Msindo."

Karani akaandika, akapiga muhuri kabla mtu hajabadili nia. Akasoma kifungu kwa sauti ya tarumbeta, mtani hakasirikiwi, akatangaza kwamba hadithi ni ya mwenyewe, na mwisho wa Wizara, pamoja na busu lake na kiambatisho chake, umerudishwa masjala. Vigelegele vikapasua mahema. Siwema akakaa kwenye kigoda cha cherehani yake.

*

Magari yakaanza kupakia viti. Waziri hakupanda. Alibaki amesimama karibu na mlango wa chumba cha Siwema, karatasi zake ishirini na moja zimekunjwa kwapani, akijifanya anakagua ukuta.

"Mtani," aliita kwa sauti ya chini.

"Nakusikia, mtani."

"Yule bwana. Sururu." Akatazama kama dereva yuko mbali. "Hivi ni mtu mbaya?"

Siwema akafikiri. Aliwaza swali lile kama alivyowaza maswali ya Pendeza, wiki nzima za kukanyaga cherehani.

"Hapana. Hajui tu kuingia kwa watu."

Waziri akaitikia kwa kichwa. Akasafisha koo, akaona si mahali pa takwimu, akaacha.

"Na msichana... sikuulizi kiserikali. Mimi nilianza kuisoma sehemu ya pili. Mke wangu ananisubiri nyumbani, kaniambia nisirudi bila jibu. Anamkubali?"

"Bado hajaniambia."

"Mpaka kesho saa kumi?"

"Mpaka kesho saa kumi. Na usije na hema."

Kutoka chumba cha pili kutoka chooni harufu ya nazi na samaki wa kukaanga ilikuwa imeshatoka, imeshafika uani, imeshazunguka mara mbili. Bi Sikitu akatoa kichwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Mabogabogo! Shangazi yako angenionaje, Msindo usimame mlangoni kwa Mmele mpaka uote mizizi? Hata wewe karani, sogea. Na wewe Siwema leta mkeka wako, wangu haumtoshi huyu. Wali umeiva. Vua viatu, baba, uingie ule."